Stempu Chafu

Harusi ya Ritha ilikwamishwa na picha ya ukutani, mbele ya wageni kumi na mmoja waliokuwa wameshika soda. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, pale Chanika, Handeni, nyumbani kwa Kasmiri fundi baiskeli. Viti vilikuwa vya kuazima, pilau ilikuwa tayari, na mama wa nyumba, Grasiana, alikuwa amevaa kitenge alichokitunza tangu Pasaka kwa ajili ya siku hiyo tu.

Wageni walitoka Kabuku, upande wa Deogratius, bwana shamba kijana ambaye kwa miezi minne alikuwa akileta baiskeli isiyo na ubovu kutengenezwa kwa Kasmiri ili apate kusalimiana na Ritha, binti wa fundi. Mahari ilikwisha kukubaliwa. Kilichobaki kilikuwa kutaja tarehe, jambo ambalo hata watu wenye kisirani hulimaliza kabla soda haijaisha gesi.

Aliyeongoza wageni alikuwa Shangazi Evodia. Baba yake Deogratius alikwisha fariki, hivyo shangazi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, naye alilijua hilo na hakulificha. Alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mnene, mwenye sauti ya kuuza mahindi barabarani, maana ndiyo kazi iliyomsomeshea watoto. Aliinuka kwenda kunawa mikono. Aliporudi akasimama mbele ya picha iliyoning'inia juu ya kabati.

Katika picha hiyo mzee mwembamba alisimama kando ya baiskeli, jicho la kushoto limefumba kabisa. Mwiba wa mkonge ulimtoboa akiwa kijana.

"Huyu mzee ni nani kwenu?" Evodia aliuliza.

Kasmiri alijibu kwa fahari kuwa ni marehemu baba yake, Mzee Longino.

Evodia aliweka chupa ya soda chini, taratibu, kana kwamba ilikuwa imejaa mafuta ya taa. "Huyu ni baba yangu mdogo," alisema.

Mwanzoni watu walicheka, wakidhani ni utani wa upande wa mwanamume. Evodia hakucheka. Alieleza kuwa baba yake, Mzee Damiani, babu wa Deogratius, alifariki mwaka sabini na tisa kwenye kambi ya mkonge upande wa Kabuku. Siku ya msiba alifika mwanamume mwenye jicho moja, amepiga baiskeli kutoka Korogwe. Alikaa kwenye mkeka wa wafiwa, akatia udongo wa kwanza, na siku ya kuondoa tanga akanyolewa kipara pamoja na watoto wa marehemu. Watoto waliambiwa wamwite baba mdogo. Akaondoka na baiskeli yake, wasimwone tena.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne, niliona kwa macho yangu," alisema. "Kwetu hanyolewi mtu asiye wa damu. Hawa watoto ni ukoo mmoja. Haiwezekani."

Mshenga, ambaye alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu, alifunga daftari lake akanywa soda yote kwa mkupuo. Deogratius alisema kuna kipimo cha vinasaba siku hizi, wanaweza kwenda Dar. Shangazi yake akamwambia kuwa ukoo hautafutwi kwenye kichupa. Mwishowe, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alitoa wiki moja. Jumapili ijayo angerudi, na kama Kasmiri angekuwa na jambo la kuonyesha kuwa wazee wale hawakuwa ndugu, angelisikiliza.

Pilau ililiwa kwa adabu, vijiko viwili vitatu kila mtu. Jioni Mama Swaumu, jirani, alikuja kuchukua viti vyake, akachungulia sufuria iliyobaki imejaa, akauliza tarehe imeangukia lini. Grasiana alimjibu kuwa bado wanaangalia kalenda. Mama Swaumu akasema kalenda za siku hizi kweli ni ngumu, akabeba viti vyake. Kufikia saa ya kuanua nguo Chanika nzima ilikuwa ikijua.

* * *

"Baba, kwani sisi ni wa wapi?" Ritha aliuliza wakiwa wamekaa sebuleni watatu.

"Songea," Kasmiri alijibu.

"Songea wapi?"

 Kasmiri alikuwa na miaka sitini na tano na hakujua. Aliona haya mbele ya mwanawe, na haya hiyo ilimuuma kuliko maneno yote ya Evodia.

Wasimlaumu sana wasiojua kambi za mkonge. Wazee wale waliletwa kwa malori kama manamba, na walioletwa kutoka kusini wote waliandikwa Songea, wakapangwa kwenye safu moja ya nyumba iliyoitwa Kwa Wasongea. Longino naye aliandikwa Longino Songea na jina hilo akafa nalo. Waliopanda lori moja waliitana ndugu. Watoto walizaliwa wakakuta undugu umejaa kambi nzima, na nani angekaa achambue upi wa tumbo na upi wa lori? Longino mwenyewe ukimuuliza kwao alikuwa akijibu kuwa kwao ni pale alipotundika kofia. Alikuwa amegombana na nyumbani kwake, kwa jambo ambalo hakumwambia mtu.

Grasiana hakuwa na hamu ya historia. Alionyesha kwa mkono upande wa chumbani, kwenye rafu ya juu ya kitanda, palipokaa albamu tano za mumewe. "Miaka thelathini na nane nafuta vumbi kwenye stempu zako, Baba Ritha," alisema. "Ukiulizwa samaki wa stempu ya senti thelathini ana mapezi mangapi, unajibu umelala. Kwenu huko hujui."

Alitamka hivyo kwa hasira, lakini Kasmiri aliposikia neno samaki aliinuka na kwenda chumbani kwenye rafu, Ritha nyuma yake.

Alianza kukusanya stempu akiwa darasa la nne. Wazee wengi Kwa Wasongea hawakujua kusoma, na barua zao kutoka nyumbani walisomewa na Kasmiri. Ujira wake ulikuwa stempu. Aliloweka kipande cha bahasha kwenye karai la maji ya vuguvugu hadi gundi iachie, akaianika stempu juu ya gazeti, na bahasha akaitupa. Mzee Damiani alisomewa barua zake hivyo kabla hajahamia Kabuku, na yaliyokuwamo Kasmiri aliyasahau zamani. Baba yake mwenyewe alijua kusoma. Yeye, barua ikija, aliisoma amesimama, akachana kona yenye stempu akampa mwanawe, kisha karatasi yote akaisukumia jikoni chini ya sufuria. Kasmiri alifurahia samaki. Hakuuliza moto umekula nini.

Sasa alifungua albamu ya kwanza na daftari la mazoezi lililoandikwa kwa mkono wa mtoto. Kila stempu ilikuwa na namba yake, iliyoandikwa pia kwa penseli mgongoni mwa stempu, na jina la aliyeitoa. Ritha alisoma kwa sauti. Namba kumi na saba, samaki, toka kwa Mzee Damiani. Namba ishirini na mbili, samaki, toka kwa baba.

"Basi muhuri wa posta utasema barua ilitumwa kutoka wapi," Ritha alisema, akachukua stempu na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi. Akachukua nyingine. Hiyo nayo ilikuwa safi, imeguswa ukingoni tu na kipande cha duara la wino kisicho na herufi hata moja.

Hapo ndipo Kasmiri alipoketi kitandani. Maisha yake yote alikuwa akipenda stempu safi. Stempu iliyopigwa muhuri katikati ya uso wa samaki aliiona imeharibiwa, na aliyokuwa nayo ya namna hiyo aliitoa kubadilishana apate iliyo nzuri. Ritha alifunua ukurasa wa nyuma wa daftari, akakuta orodha fupi yenye mstari chini yake: Chafu. Nane. Kapewa Jabiri.

"Jabiri ni nani?"

Grasiana, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bado na hasira zake, alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mlango. "Mwambie mwanao Jabiri ni nani," alisema. "Mwambie na ulivyoiita albamu yake."

* * *

Jabiri alikuwa fundi saa Korogwe mjini, mwenye kibanda cha vioo karibu na soko, na alikuwa rafiki wa Kasmiri tangu shule ya msingi. Yeye alikusanya stempu kwa ajili ya mihuri. Samaki, kipepeo, twiga, kwake vyote vilikuwa karatasi. Alichotaka ni jina la mji na tarehe. Miaka minane iliyopita, kwenye hoteli ya chai, mbele ya watu, Kasmiri aliipindua albamu ya Jabiri akasema hili ni jaa la posta. Watu wakacheka. Jabiri alilipa chai yake, akaondoka, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Kwenye msiba wa Mama Munira, mkewe Jabiri, Kasmiri alituma rambirambi kwa mkono wa mtu, na kila alipokumbuka hilo alijikuta akikohoa bila kikohozi.

Jumanne asubuhi yeye na Ritha walipanda basi la kwenda Korogwe. Ritha aliamkia shikamoo kwa kupiga goti dogo. Jabiri aliitikia marahaba kwa uchangamfu, akamuuliza mama hajambo, akampa kiti. Kasmiri alipomsalimia aliitikia salama akiwa ameinamia saa, lenzi jichoni. Kiti cha pili hakikuonekana.

Kasmiri alisimama juani dakika arobaini. Mteja alikuja akachukua saa yake, mwingine akaja kubadilisha betri. Ritha alisimulia shida yao yote, na Jabiri alisikiliza pasipo kuinua kichwa. Ritha alipomaliza, fundi saa aliweka kibano chini.

"Mimi nina albamu moja tu," alisema. "Baba yako aliwahi kuipa jina. Muulize jina lake, nisije nikatoa nyingine kwa makosa."

Ritha alimtazama baba yake. Muuza vitunguu wa kibanda cha pili naye alimtazama, maana alikuwa amesikia kila kitu.

"Jaa la posta," Kasmiri alisema.

"Sikusikia vizuri. Saa zinapiga kelele."

"Jaa la posta, Jabiri. Nilikosea. Na msiba wa Mama Munira nilikosea zaidi, na hilo ndilo ningekuja kukuambia hata kama mwanangu asingekuwa na shida."

Jabiri alivua lenzi akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akavuta ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akaipangusa, akamwambia rafiki yake akae.

Albamu ilikuwa imefungwa kwa kanga. Jabiri aliifunua pasipo kutafuta ukurasa. Stempu nane zilikaa mstari mmoja, nyuso zao nyeusi kwa wino, na hakuna samaki aliyetambulika. Alizigeuza moja moja kwa kibano. Mgongoni zilikuwa na namba za penseli, mwandiko wa Kasmiri wa darasa la sita, tarakimu zake za saba zimevaa mkia kama kawaida yake. Kwa daftari walilokuja nalo, tano zilikuwa na namba za Damiani, tatu za Longino. Ritha alipewa lenzi.

"MBINGA," alisoma. "Mbinga tena. Mbinga, mwezi wa tano, sabini na moja." Zile tatu alizisoma mara mbili kwanza. "Hizi za babu ni NJOMBE. Zote."

Kasmiri aliomba lenzi akasoma mwenyewe. Alisema Njombe, kwa sauti ndogo, halafu akalisema tena. Kisha akawaambia jambo alilokuwa amelisahau kabisa. Kila mwaka baba yake alinunua miche ya mianzi iliyoshushwa kutoka Lushoto, akaipanda nyuma ya nyumba ya kambini, na kila mwaka ilikauka kwa joto. Watu wakimuuliza mianzi ya nini, anajibu ya kutazama.

"Ulanzi," Jabiri alisema. "Njombe wanagema pombe kwenye mianzi. Mzee alikuwa na kiu, bwana."

Walicheka wote watatu, na katikati ya kucheka Kasmiri akalia, mbele ya muuza vitunguu na kila mtu, na hakujali.

Alipoomba kuazima albamu hadi Jumapili, Jabiri alikataa katakata. Albamu haitoki Korogwe bila mwenyewe. Kwa hiyo angekuja nayo, na alitaka wali wenye nazi.

* * *

Jumapili viti viliazimwa tena kwa Mama Swaumu, ambaye safari hii alivileta mwenyewe na akasahau kuondoka.

Evodia aliitazama albamu bila kuigusa. Alisema haya ni makaratasi ya ukubwa wa ukucha, na kwamba ndugu wawili wanaweza kuwa na jamaa katika miji miwili. Mjomba wake mmoja yupo Tanga na mwingine Kilosa, je, hawakuzaliwa pamoja? Grasiana, aliyesimama na bakuli la maji ya kunawa, alimgeukia mumewe. Ritha alikuwa akiangalia sakafu.

Ndipo Deogratius alipoomba ruhusa ya kuuliza swali. "Shangazi, babu alikuwa akilimaje?"

Evodia alishangaa. "Swali gani hilo? Alilima kwa jembe."

"Alilima sesa, shamba tambarare bila matuta, kama watu wa hapa?"

Mama wa watu alifikiri. Uso wake ulianza kulainika. Alisema hapana, baba yake alikuwa na vituko. Kila msimu alipanga majani chini kwa mistari iliyokatana, akayafukia kwa udongo pembeni, shamba likabaki na mashimo mashimo ya mraba, na mahindi akayapanda kwenye kingo. Watu wa Kabuku walimcheka kuwa anazika mbuzi. Yeye na kaka zake walikuwa wakiona aibu kupita shambani kwake na wenzao.

"Hayo mashimo yanaitwa ngoro," Deogratius alisema. "Tulifundishwa chuoni. Ni kilimo cha Wamatengo, wa milima ya Mbinga, ili mvua isibebe udongo. Njombe hawalimi hivyo. Babu alikuwa Mmatengo, Shangazi, na alilima kama kwao hata mahali pasipo mlima."

Kasmiri naye alisimulia habari ya mianzi. Mama Swaumu akasogeza kiti karibu. Evodia alivuta albamu magotini. Aliomba lenzi, akasoma Mbinga herufi moja baada ya nyingine, mara tano.

Alipoinua uso hakuwa amefurahi. Alionekana mtu aliyeibiwa.

"Basi kwa nini alinyoa?" aliuliza. "Kama hakuwa damu yetu, kwa nini alinyoa?"

 Wenye nyumba waliogopa kuharibu na wageni hawakujua. Aliyejibu ni Jabiri, ambaye hakuwa wa upande wowote na alikuwa amekuja kwa ajili ya wali.

"Kwani nani mwingine angenyoa, mama?" alisema. "Ndugu zake walikuwa Mbinga. Watu wazima wa kukaa kwenye mkeka ule walikuwa nani?"

Evodia alianza kuhesabu kwa vidole, kisha akaacha. Kaka zake walikuwa wadogo kuliko yeye. Mama yao alikuwa peke yake. Aliona tena ile baiskeli imeegemezwa kwenye mkuyu, na vumbi la Korogwe kwenye miguu ya mtu aliyekuja kumzika mwenzake wa lori ili watoto wasione kuwa baba yao hakuwa na mtu. Alilia kwa sauti yake ile ile ya barabarani. Grasiana akaweka bakuli chini akamshika mabega.

Alipotulia alifuta uso kwa kanga na kumgeukia Kasmiri.

"Mtu aliyenyoa kwa msiba wa baba yangu bila kuwa wa damu," alisema, "mjukuu wake nitamnyimaje mtoto wangu? Andikeni tarehe. Na hiyo picha siku ya harusi ishushwe, ikae mezani kwetu, upande wa mwanamume."

Kasmiri alisema picha ni ya upande wa mwanamke. Evodia akasema atairudisha Jumatatu. Mshenga alifungua daftari, hotuba ikatoka yote, na pilau ikaliwa hadi ukoko. Mama Swaumu aliisikia tarehe kwa masikio yake mwenyewe na akakosa cha kuuliza.

* * *

Wiki iliyofuata Kasmiri aliandika barua ya kwanza maishani mwake kwenda kwao. Aliielekeza kwa paroko, Njombe, akaomba itangazwe kanisani kama ipo familia iliyopoteza kijana aitwaye Longino, aliyekwenda mkonge mwaka hamsini na tatu na kubaki na jicho moja. Aandike yeyote anayemkumbuka. Mjukuu wake anaolewa mwezi wa kumi, na mahali pa kulala wageni papo. Ritha alitaka atume kwa simu, kwamba namba ya parokia haiwezi kukosekana. Kasmiri alisema atapiga pia, lakini barua lazima iende. Jabiri alikwisha mwekea sharti kuwa jibu likija, bahasha isilowekwe wala isichanwe, ikae nzima, na ikae kwake.

Posta ya Handeni ilikuwa na foleni fupi. Dirishani alikaa binti mmoja aliyeitwa Loveness. Aliipokea barua, akabandika stempu mpya yenye rangi nzuri, akagonga muhuri kwa kuugusisha tu pembeni, nusu nje, kwa heshima ya ile picha. Ilikuwa kazi safi. Kasmiri wa zamani angemshukuru.

"Mwanangu, gonga tena," alisema. "Katikati."

"Itachafua stempu, mzee."

"Chafua. Gonga kwa nguvu, isomeke Handeni."

Loveness alimtazama, akatia muhuri wino upya, akagonga. Kasmiri aliinama dirishani akasoma herufi zote, na tarehe, akawapisha waliokuwa nyuma yake.